Punje Kumi na Sita

Njooni mkae, wajukuu zangu, lakini leo msikae juu ya mkeka. Sogeeni hapa penye mchanga. Hadithi ya leo nitaichora kwa kijiti, na nyinyi mtanisaidia kwa punje hizi za mahindi zilizomo kwenye kisahani.

Juma lililopita mtoto wa jirani, yule mnayecheza naye gololi, aligongwa na bodaboda akitoka shule. Tunamshukuru Mungu yuko hai. Mguu umefungwa hogo, na daktari amesema utaunga. Majirani tulikwenda kumpa mama yake pole, na kila aliyeingia alitoa neno lile lile: "Ajali haina kinga." Hata mimi nililisema. Nilipofika nyumbani usingizi haukuja, kwa sababu nilijua nimesema neno nisiloliamini.

Neno ajali lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya zamani ni siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Siku za kuishi na kufa mimi namwachia Mwenyezi Mungu. Lakini pale alipovunjikia mguu mtoto yule, mwaka jana aligongwa kijana wa mkokoteni wa maji, na kabla yake mama mmoja aliyebeba ndizi. Watu watatu, mahali pamoja. Kama ni bahati mbaya tu, mbona haihami? Mimi nasema mahali pale pamechorwa hivyo, na aliyepachora ni binadamu. Kilichochorwa na binadamu, binadamu anaweza kukifuta akakichora upya. Hiyo ndiyo hadithi yangu yote. Sasa tuanze.

Tazameni. Nachora barabara mbili zinazokatana, njia panda ya pande nne. Kila upande gari linaingia, na likifika katikati lina hiari tatu: kwenda moja kwa moja, kukunja kushoto, au kukunja kulia. Pande nne, mara tatu, hiyo ni mistari kumi na miwili. Ichoreni yote, mkikumbuka kwamba Tanzania tunapita kushoto. Sasa kila mahali ambapo mstari mmoja unaukata mwingine, wekeni punje ya mahindi. Msiharakishe.

Mmepata ngapi? Kumi na sita. Kila punje ni mahali ambapo gari linaweza kulipiga jingine ubavuni. Na mtoto anayevuka kwa miguu anapita katikati ya punje hizo zote, huku dereva akitazama magari mengine, hamtazami yeye.

Futeni. Sasa nachora njia inayoishia kwenye nyingine, yenye pande tatu tu, mfano wa herufi T. Mistari ni sita. Wekeni punje. Tatu! Kutoka kumi na sita mpaka tatu. Hata tukiigawa ile njia panda ya kwanza tukapata T mbili zilizoachana kidogo, punje ni sita tu. Futeni tena, tuchore kipilefti kidogo, chenye mstari mmoja wa magari yanayozunguka. Humo magari yanaungana na kuachana, lakini hakuna linalokata mbele ya jingine. Punje hakuna hata moja. Na kwa kuwa lazima kila gari likunje, kila gari lazima lipunguze mwendo.

Mmeona? Dereva ni yule yule, gari ni lile lile, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni mchoro.

Sasa simameni twende pale uwanjani. Simama hapa kwenye mstari wa goli, wewe mkubwa, ujifanye gari. Mwenzako amesimama mbele yako, kwenye ukingo wa boksi. Unakuja kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Umemwona! Sekunde moja inapotea kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha magurudumu yanakaza. Utasimama baada ya mita kama 13. Boksi la penalti lina mita 16 na nusu, kwa hiyo umesimama ukiwa bado ndani ya boksi.

Rudi. Sasa uje kwa kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria kwenye makazi. Utasimama baada ya mita kama 28. Umetoka nje ya boksi, umekwenda mbali. Rudi tena, uje kwa 80, kama wanavyokimbia usiku barabara ikiwa tupu. Mita kama 58. Umevuka mstari wa katikati ya uwanja, na mwenzako aliyekuwa amesimama kwenye boksi ulishampita zamani. Na hapo ni pakavu. Mvua ikinyesha, ongeza.

Dereva anaamuaje aende mwendo gani? Wengi wenu mtasema anasoma kibao. Kibao kinasomwa na wachache, wajukuu zangu. Dereva anaisoma barabara yenyewe. Barabara pana, iliyonyooka, isiyo na mti wala tuta, inamwambia kimbia. Njia nyembamba yenye kona, mti wa mwarobaini kandoni na mama lishe kibarazani, inamwambia taratibu, hapa wanaishi watu. Mtu anayechora barabara pana ya kukimbilia mbele ya shule, kisha akasimamisha kibao cha kumwomba dereva apunguze mwendo, ametoa amri mbili zinazopingana, na mguu wa dereva utaifuata ile ya lami.

Turudi kwenye mchanga, niwapeleke matembezi ya jiji letu la Dar es Salaam.

Tuanze Kariakoo. Kariakoo ilipangwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokuja na Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi za watu zikalikunja jina hilo likawa Kariakoo. Mitaa yake imenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Uzuri wake ni kwamba mtembea kwa miguu hapotei, wala hazunguki. Ukitaka kwenda kokote una njia kumi za kuchagua, na ikizibwa moja unashika nyingine. Ubaya wake mmeshauhesabu wenyewe: kila kona ni njia panda ya pande nne. Punje kumi na sita, kona baada ya kona.

Sasa Kijitonyama, wilaya ya Kinondoni. Miaka ya 1970 serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga. Kwanza ilichorwa barabara, likapitishwa bomba la maji, ndipo mwananchi akapewa kiwanja ajenge kwa uwezo wake. Miaka 40 baadaye wachumi waliyatazama maeneo hayo kwa picha za setilaiti, wakakuta nyumba zake ni bora kuliko za maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Lakini mimi kinachonigusa ni ile mistari. Baadhi ya nyumba za wakati ule zimevunjwa, zimejengwa ghorofa, wenye mali wamekufa, wajukuu wamerithi. Barabara ziko pale pale zilipochorwa. Mstari wa barabara unaishi kuliko nyumba, unaishi kuliko mwenye nyumba. Ndiyo maana atakayechora vibaya leo anawachorea vibaya hata watoto wenu.

Na hata palipopimwa vizuri pana mtego wake. Barabara kubwa ikifunga foleni, magari hutafuta upenyo mitaani. Barabara ya ndani ikipigwa lami nzuri bila tuta hata moja, inageuka njia ya mkato ya watu wasiokaa pale. Mtaa uliojengwa kwa ajili ya wakaazi unakuwa mali ya wapitaji.

Twende Manzese. Humo watu walijenga kwanza, njia zikafuata. Mnavijua vichochoro: unapita kwa ubavu, unainama chini ya kamba ya nguo, unatokea kisimani, unapiga hodi kwa shangazi bila kukanyaga barabara. Wakubwa wengi huviita vurugu. Mimi nimekulia kwenye vichochoro, na nawaambia vina hekima moja ambayo mitaa mingi ya matajiri haina: mguu unapita, gari halipiti. Mtoto wa miaka mitano anatumwa chumvi na anarudi salama. Gari haliwezi kumgonga mahali lisipoweza kuingia.

Lakini nisiwafiche na taabu yake. Moto ukiwaka, gari la zimamoto haliingii. Mama akishikwa na uchungu usiku, anabebwa mpaka lami. Mvua ikinyesha, kichochoro ni mfereji. Kwa hiyo miaka ile ile ya 1970, Manzese, na baadaye huku kwetu Mtoni na Tandika, serikali ilipitisha barabara chache, maji na taa katikati ya nyumba za watu, bila kuufuta mtaa mzima. Na Hananasif, kule Kinondoni, miaka ya 1990 wakaazi wenyewe walichimba mitaro na kutengeneza barabara za changarawe kwa majembe yao, wakalipwa ujira. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba mtaa ukishajengwa haurekebishiki. Umerekebishwa, na mikono iliyofanya kazi hiyo ni ya watu kama sisi.

Mkiniuliza bibi, basi mtaa mzuri ni upi, nitawajibu hivi: mguu upewe njia nyingi, gurudumu lipewe mwendo mdogo. Chukueni kutoka Kariakoo zile njia nyingi za kuchagua, chukueni Kijitonyama nafasi ya zimamoto na mtaro, chukueni Manzese kichochoro kinachopitisha mtoto na kuzuia gari. Na barabara kubwa ipite kando ya mtaa, isiupasue mtaa katikati.

Ila sisi wa Mtoni tumepasuliwa. Mtaa wetu unaitwa Mtoni, lakini mto tunaouogopa ni wa lami. Barabara ya Kilwa inatoka mjini inakwenda Mbagala. Ukisimama Kwa Aziz Ali asubuhi unaona maji yake: daladala, malori, bajaji, bodaboda, na katikati njia ya mabasi ya mwendokasi. Kwa watoto wengi nyumba ziko ng'ambo hii, shule ziko ng'ambo ile, na mto hauna huruma na asiyejua kuogelea. Daraja la juu linasaidia likiwa pale watu wanapovukia. Likiwa mbali, mtu mwenye mzigo kichwani hatapanda ngazi. Atavuka chini, na akigongwa ataitwa mzembe. Mimi simwiti mzembe. Aliyeweka kivuko mbali na njia za watu ndiye aliyesahau kuwatazama wanavyotembea.

Mto mpana huvukwa kwa visiwa. Ukiwekewa kisiwa katikati ya barabara, unavuka nusu, unasimama salama, unatazama upande mmoja tu, unavuka nusu ya pili. Mtoto mdogo hawezi kupima kwa jicho kasi ya magari ya pande mbili kwa pamoja. Si kwamba hasikii mafunzo. Akili yake bado inakua. Basi barabara impunguzie hesabu.

Sasa niwape habari ya furaha, na ni ya mji wetu huu. Shirika moja linaloitwa Amend lilikwenda kwenye shule za msingi za Dar es Salaam na kufanya jambo ambalo wakubwa hulisahau: liliwauliza watoto. Unapita wapi kuja shule? Unavukia wapi? Nani aligongwa, na wapi? Kisha likatengeneza pale pale watoto walipoonyesha: njia ya waenda kwa miguu kandoni, nguzo fupi za kuzuia pikipiki zisipande humo, tuta, kivuko cha zebra, alama. Kwingine geti la shule lilihamishwa tu, kutoka upande wa barabara yenye magari mengi kwenda upande uliotulia. Fikirini hilo: geti kuhamishwa, na watoto mia kadhaa wakabadilishiwa safari yao ya kila siku.

Watafiti walizilinganisha shule zilizotengenezewa na shule ambazo hazikutengenezewa bado. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26. Katika kila watoto wanne waliokuwa waumie, mmoja hakuumia, wala hakujua kwamba alinusurika. Alikwenda shule, akarudi, akala ugali, akalala. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya miji ya dunia, Ross Prize for Cities, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Miji mikubwa ilishindana, na walioibuka washindi ni matuta na vijia vya shule zetu za uswahilini.

Na mbali huko, Oslo, mji mkuu wa Norway, mwaka 2019 uliisha bila mwenda kwa miguu hata mmoja kufa barabarani. Walipunguza mwendo, wakaondoa maegesho ya magari katikati ya mji, wakayazuia magari kuingia mitaa ya shule. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Katika kila vifo mia, 92 vinatokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kama ajali ni kalamu ya Mungu peke yake, mbona iandike zaidi kwetu? Mungu hatubagui hivyo. Tofauti iko kwenye mchoro.

Basi nyinyi mfanye nini, na bado ni watoto? Mfanye kazi ya kwanza ya mchoraji: kuhesabu. Juzi nimetembea na huyu mdogo wenu kutoka mlangoni kwetu mpaka geti la shule. Zamani kulikuwa na kichochoro kinachotupeleka moja kwa moja, hatua 310. Mwenye kiwanja akajenga ukuta, kichochoro kikafa. Sasa tunazunguka, na tumehesabu hatua 870, nyingi kati ya hizo kandokando ya magari. Ukuta ule haujamgusa mtoto yeyote, lakini umewasukuma watoto wote barabarani. Njia ya mguu ikizibwa, inafaa mtaa mzima uulize, kama unavyouliza bomba la maji likikatwa.

Mkishahesabu, mchore. Kisha mchoro upelekwe kwa wenyewe. Kila barabara ina mwenyewe. Barabara kubwa kama ya Kilwa iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Mwanzo wa safari ni ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti, na diwani yupo. Mtu akienda na malalamiko anaambiwa subiri. Mtu akienda na ramani, hatua zimehesabiwa, na mahali pa tuta pamewekewa alama, ni vigumu kumwambia hajui anachotaka. Kiswahili chetu kimetumia neno moja, mtaa, kwa njia tunayopita na kwa watu tunaokaa nao. Ukiichunga njia, umewachunga watu.

Nimalizie kwa lililotokea jana, mlipokuwa madrasa. Nilikuwa nimechora hapa hapa mchangani mtaa wetu wote: shule, msikiti, kanisa, duka la mangi, gereji, ule ukuta, barabara inayoingia kutoka Barabara ya Kilwa. Nikaweka punje zangu kila palipokatana njia, peke yangu, kwa kuhesabu tu. Yule mtoto wa jirani akaja akichechemea na magongo yake. Nikamwambia, mwanangu, nionyeshe ulipogongwa. Akainua gongo la kulia, akalizungusha juu ya mchanga akitafuta, akalishusha taratibu.

Gongo lilitua juu ya punje. Nilikuwa nimeshaiweka kabla hajafika.

Tulitazamana. Kisha akaketi, akanyoosha mguu wenye hogo, akachukua kijiti mkononi mwangu. Akaufuta ukuta. Akachora kichochoro mpaka geti la shule. Mbele ya geti akalaza tuta, nene, la kidole gumba. Halafu akaiokota ile punje, akairudisha kwenye kisahani.

Mchoro wake huo hapo, nimeufunika kwa ungo usipeperushwe na upepo. Leteni daftari tuunakili. Kesho saa mbili asubuhi ofisi ya mtaa inafunguliwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye benchi.